SOMO LA UFUNDI: TAA ZA BREKI ZISIZOWAKA NA GIA INAYOKATAA KUTOKA



Malori mengi yanayobeba mizigo hapa Kampala yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na waya zake huenda zina umri kumshinda utingo anayeyapakia. Taa za breki zisipowaka, anayetufuata hana habari kwamba tumekanyaga pedali. Fikirini barabara ya Jinja ndani ya msitu wa Mabira, usiku, mvua inanyesha, na basi liko nyuma. Tena mwenye kusimamishwa na polisi ni dereva. Mwenye gari yuko nyumbani.

Kifaa tunachohitaji ni balbu ndogo iliyofungwa waya mbili. Iwe ya volti za gari lenyewe. Kuona betri mbili si ushahidi wa volti 24, kwani pikapu nyingine za dizeli zina betri mbili na bado ni za volti 12. Fuata waya: ikiwa chanya ya betri moja imefungwa kwenye hasi ya nyingine, hapo ni 24. Jambo hili huwapotezea watu siku nzima. Balbu ya volti 12 ikitiwa katika lori la 24 huungua mara moja. Ya 24 ikitiwa katika gari la 12 huwaka kwa wekundu hafifu, na fundi hudhani arthi ni mbovu.

Sasa tuanze. Mwambie mwenzako akanyage breki, nawe usimame nyuma. Upande mmoja tu ukikosa kuwaka, kosa liko huko huko nyuma: balbu, kikombe chake, au arthi. Pande zote mbili zikikosa, usihangaike na balbu kwanza. Anza na fyuzi, kisha swichi. Katika breki za mafuta swichi huwa juu ya pedali. Katika breki za hewa aghlabu iko kwenye bomba la hewa, na huwasha taa kwa msukumo wa hewa.

Swichi ina ncha mbili. Shika waya mmoja wa balbu ya kupimia kwenye chuma kisafi cha chesisi, na mwingine gusa kila ncha. Ncha moja iwe na moto wakati wote, na ya pili ipate moto pedali inapokanyagwa. Ncha zote zikiwa baridi, rudi kwenye fyuzi. Moto ukiingia lakini hautoki, swichi imekufa, au katika breki za mafuta imelegea ikawa haifuati pedali.

Arthi ndiyo adui mkubwa, kwa vumbi letu na matope yetu. Dalili yake ni hii: ukikanyaga breki, taa ya kona inamulika hafifu, au taa ndogo zinabadilika. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwa jirani. Kwangua kutu, kaza skrubu, paka grisi.

Tuje kwenye gia. Katika magari mengi ya gia za kujiendesha, mkono wa gia hufungwa kwenye P mpaka breki ikanyagwe, na habari ya kukanyagwa hutoka kwenye swichi ile ile ya taa za breki. Basi gia ikikwama na taa nazo haziwaki, usifungue giaboksi! Tazama fyuzi na swichi. Taa zikiwaka lakini gia imekwama, sikiliza kando ya mkono wa gia wakati wa kukanyaga: ukisikia mlio mdogo, sumaku inavuta na kasoro huenda ni ya chuma, pasipo mlio, fuata waya wake.

Magari hayo huwa na kitufe kidogo cha kufungua gia kwa mkono. Weka kabari magurudumuni na uvute breki ya mkono kabla ya kukitumia. Tunachokilaumu ni mtindo wa kukitumia kila asubuhi kwa miezi, taa zikiwa zimekufa. Kwa malori makubwa ya gia za mkono, kitufe cha kupandisha na kushusha gia mara nyingi hutumia hewa, si umeme. Sikiliza uvujaji kwanza.

Fyuzi ikikatika, usiweke uzi wa waya wala karatasi ya sigara. Ikikatika kabla ya kukanyaga, shoti iko kati ya fyuzi na swichi. Ikikatika unapokanyaga, shoti iko baada ya swichi: chomoa plagi ya tela, kisha soketi ya mkono wa gia, ukijaribu kila mara. Ikiendelea kukatika, kagua waya wa nyuma pale unapopita kwenye kona za chesisi na karibu na springi, ambapo ngozi yake husagika. Na kama tajiri anakataa kununua swichi, andika kasoro hiyo kwenye kitabu cha gari pamoja na tarehe, umwombe atie sahihi kabla hujapakia.