SOMO LA MWEZI: Mama Anayejiandaa Kutoka Gerezani



Wengi wetu tukisikia neno gereza huwaza ukuta mrefu na kufuli. Liko gereza lisilo na ukuta. Mwaka 1947, karibu na mji wa York, Uingereza, lilifunguliwa Askham Grange, gereza la kwanza la wazi la wanawake katika nchi ile. Ni jumba kubwa lenye bustani. Mkuu wake wa kwanza, Bibi Mary Size, alikuwa amekwisha kustaafu mwaka 1942, akaitwa arudi kazini ili alianzishe.

Kwa nini kumweka mfungwa pasipo ukuta? Sisi walimu tunalijua jibu. Chuo cha ualimu hakimpi mwanachuo cheti kabla hajakwenda mazoezi ya kufundisha, ambako hukosea akiwa bado na wa kumsahihisha. Mama aliyekaa miaka mingi akifunguliwa mlango na mwingine, akila na kulala kwa kengele, husahau kujiamulia. Basi gereza la wazi humrudishia uamuzi kidogo kidogo, kabla ya siku ya kuachiliwa.

Tuangalie mambo matatu.

1. Kazi. Mfungwa aliyepimwa na kuaminiwa hupewa ruhusa ya kutoka asubuhi kwenda kwa mwajiri wa kawaida, na jioni hurudi. Hujizoeza kuwahi basi na kufanya kazi pamoja na watu wasio wafungwa.

2. Fedha. Hulipwa mshahara. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2011, katika fedha zinazozidi pauni 20 kwa juma, hadi asilimia 40 yaweza kukatwa ili kuwasaidia waliotendewa uhalifu. Hivyo hujifunza kuweka akiba, na pia kukumbuka kwamba yupo aliyeumizwa.

3. Nyumba na watoto. Hupewa ruhusa ya kulala nyumbani siku chache, azoeane tena na wanawe. Jambo hili lisidharauliwe. Mama mwenye kazi lakini hana pa kulala, au hana wa kumwachia mtoto, kazi hiyo haitadumu.

Hata hivyo, gereza haliwezi kumaliza somo lenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 inaruhusu makosa mengi, muda uliowekwa ukiisha, yasitajwe tena kwa mwajiri. Lakini hakuna sheria iwezayo kuufunga ulimi wa jirani. Sehemu hiyo ni yetu sisi tunaompokea, mahali popote tulipo.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

(a) Mama akitoka gerezani leo, juma la kwanza atahitaji nini hasa?

(b) Nani kati yetu mwenye duka, shamba au cherehani anaweza kumpa kazi ya majaribio?

(c) Watoto wake, wakati yeye hayupo, sisi tunawaitaje?