SOMO LA UTAWALA: KUPIMA MATOKEO KABLA YA KUSIMAMISHA MPANGO

Kila unapomalizika mwaka wa fedha, idara za Serikali huandika taarifa za utekelezaji. Aghalabu taarifa hizo hujaa hesabu za mambo yaliyofanywa: semina zilizoendeshwa, vyandarua vilivyogawiwa, visima vilivyochimbwa, vidonge vilivyomezwa. Hesabu hizo ni za lazima, kwani fedha ya umma ni dhamana na kila shilingi haina budi kuonekana ilikokwenda. Hata hivyo, hazijibu suali ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza: je, dhiki iliyokusudiwa kuondolewa imeondoka? Utekelezaji ni jambo moja na matokeo ni jambo jingine. Kazi ya kuyatafuta matokeo kwa kipimo, na kuutumia ushahidi huo katika kuamua, ndiyo iitwayo tathmini.

Suali hilo huwa gumu zaidi pale mpango unapoonekana kufanikiwa. Zanzibar inalijua jambo hili kwa gharama. Kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza mwaka 1958 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani iliwashusha wenye vimelea kutoka zaidi ya nusu ya watu waliopimwa hadi chini ya asilimia 10. Mwaka 1968 kampeni ikafungwa. Mbu hawakupewa taarifa ya kufungwa kwake, na malaria ikarejea. Miaka mingi baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea katika vita dhidi ya matende. Kuanzia mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walimeza ivermektini na albendazoli kila mwaka, kwa mwitikio mkubwa, na vipimo vya damu katika vituo vichache vya mfano vikaonyesha kuwa vijinyoo vimekaribia kutoweka. Ugawaji ukasimamishwa. Uchunguzi mpana zaidi uliofuata ulikuta maambukizo bado yapo, na ilipofika mwaka 2013 dawa zikaanza kutolewa upya.

Katika mambo yote mawili hapakuwa na uzembe wa watendaji. Palikosekana kipimo chenye nguvu ya kutosha kulijibu suali lililoulizwa. Vituo vichache vinavyopimwa mwaka hadi mwaka huweza kueleza vizuri hali ya vituo hivyo. Kuvitumia kuvisemea visiwa viwili vizima ni dhana, na dhana si ushahidi.

Namna kipimo chenye nguvu kinavyopangwa huonekana vizuri katika mfano ulio mbali na bahari, nyanda za juu kusini mwa Tanzania Bara, katika mji wa Tukuyu ulio makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Mji huo una kata iitwayo Bagamoyo. Msomaji wa Visiwani asichanganye: hii si Bagamoyo inayotazamana na Unguja, bali ni Bagamoyo ya baridi na mvua nyingi, penye chai na migomba, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mjini Tukuyu kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na ugonjwa wa usubi.

Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi, na Rungwe imejaaliwa mito ya namna hiyo, ukiwamo Mto Kiwira unaoteremka hadi Ziwa Nyasa. Inzi humuuma mtu na kumwachia vijinyoo. Mnyoo mkubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi kwa miaka 10 hadi 15, akizaa vijinyoo vingi vinavyotembea mwilini. Hivyo ndivyo vinavyoleta muwasho usiokwisha, ngozi kuharibika na, vikifika jichoni, upofu. Ivermektini huviua vijinyoo na kuzuia vingine kutoka kwa muda, lakini haimuui mnyoo mkubwa. Kwa hiyo hapana njia ya mkato: watu hawana budi kumeza dawa kila mwaka mpaka minyoo mikubwa ife kwa uzee wake. Kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza mwaka 1987 kuwa itaitoa dawa hiyo bure, kwa jina la Mectizan, kwa muda wote itakapohitajika.

Hata uamuzi wa pa kuanzia ulitegemea kipimo. Chini ya mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, ulioendeshwa kati ya mwaka 1995 na 2015, wachunguzi walichagua vijiji vilivyo karibu na mito, wakawapapasa wanaume watu wazima wapatao 30 hadi 50 katika kila kijiji, wakitafuta vinundu. Pale palipopatikana vinundu kwa mtu mmoja au zaidi katika kila watano, eneo liliingizwa katika ugawaji. Kipimo hicho hakikuhitaji maabara. Kilihitaji mikono yenye ujuzi na daftari. Kilitosha kwa uamuzi uliokuwa mbele, nao ulikuwa uamuzi wa kuanza.

Baada ya hapo kazi ilishikwa na wananchi wenyewe. Wanakijiji huchagua wagawa dawa wao. Hao huandikisha kila kaya, hupima urefu wa mtu kwa fimbo yenye alama ili kujua idadi ya vidonge, na huandika nani amemeza na nani hakumeza. Wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto wadogo hawapewi. Kwa sababu hiyo, kijiji hakiwezi kwa haki kuripoti kuwa watu wote wamemeza. Taarifa yenye asilimia 100, au iliyozidi hapo, humwambia msomaji makini kuwa idadi ya wakaazi iliyotumika si sahihi. Dawa ya kosa hilo ni kupeleka watu wengine, wasiokuwa wagawaji, kwenye nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakauliza kila mtu kama alimeza. Tofauti baina ya daftari na majibu ya nyumbani ndiyo habari ambayo mkuu wa idara anaihitaji kuliko nyingine, nayo ndiyo ambayo wengi wangependa isimfikie.

Hatari ya kutegemea daftari peke yake ilionekana Mahenge, Wilaya ya Ulanga. Huko ugawaji ulianza mwaka 1997. Baada ya miaka ipatayo 20, watafiti walikuta katika baadhi ya vijiji kuwa watoto waliozaliwa ndani ya kipindi hicho wanaambukizwa, na kuwa kifafa, ambacho kimehusishwa na usubi, ni kingi kupita kiasi. Ushahidi huo haukuwekwa kabatini. Mwaka 2019 ugawaji katika eneo hilo ulianza kufanywa mara mbili kwa mwaka.

Sasa ulinganishwe uamuzi wa kuanza na uamuzi wa kuacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mambo mawili yathibitishwe kabla ya dawa kusimamishwa. La kwanza ni damu ya watoto walio chini ya miaka 10. Mtu mzima huweza kubeba kingamwili za maambukizo ya zamani, na kwa hiyo hawezi kuwa shahidi wa hali ya leo. Mtoto aliyezaliwa mpango ukiwa umekwisha kukomaa hana ya zamani ya kubeba. Hupimwa watoto wapatao 2,000, na wenye kingamwili wanatakiwa wawe chini ya mmoja katika kila 1,000.

La pili ni inzi wenyewe. Watu waliofunzwa hukaa kando ya mto tangu asubuhi hadi jioni, miguu ikiwa wazi, na kumkamata kila inzi anayetua kabla hajauma. Ni kazi ya kuchosha na yenye mashaka, wala haifai kumpa mtu bila ya kumpatia dawa na kumweleza hatari yake. Hutakiwa inzi wasiopungua 6,000. Maabara hukata vichwa na kuvichunguza kwa mafungu, kwa sababu kijinyoo kilicho tayari kuambukiza hukaa kichwani mwa inzi. Wenye maambukizo wanatakiwa wawe chini ya mmoja katika kila 2,000. Kiwango hiki kimewekwa kabla ya inzi wa kwanza kukamatwa, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: hapana afisa anayeweza kukishusha baada ya kuyaona majibu.

Gharama ya kazi hii si ndogo, na katika bajeti nyingi kifungu cha tathmini huwa cha mwanzo kukatwa fedha zinapopungua. Hoja hutolewa kuwa fedha hizo zingenunua dawa zaidi. Lakini dawa inayogawiwa mahali ambapo ugonjwa umekwisha ni fedha iliyopotea, na dawa inayosimamishwa mahali ambapo ugonjwa ungalipo huweza kuzipoteza kazi za miaka 15. Bila ya kipimo idara haiwezi kujua inatenda lipi kati ya hayo mawili.

Wala kazi haiishi siku dawa inaposimamishwa. Hufuata miaka mitatu hadi mitano ya uangalizi, ambapo inzi hukamatwa tena na kupimwa tena, na ndipo nchi huweza kuomba ithibitishwe. Colombia ilikuwa ya kwanza duniani kuthibitishwa, mwaka 2013. Barani Afrika ya kwanza ni Niger, mwezi Januari 2025, ingawa mapambano dhidi ya usubi huko Afrika Magharibi yalianza katika miaka ya 1970.