Mafunzo Niliyopata kwenye Majana ya Nyuki

1. Anza na majana, yaani watoto wa nyuki, asali itafuata. Sega zuri la majana huzibwa chumba kwa chumba hadi pembeni. Kwa jirani yangu hapa Tabora, ambaye mizinga yake yote ilitokana na kundi moja aliloligawa tena na tena, masega yalijaa mapengo. Alidhani ni ugonjwa, lakini dawa haikufua dafu. Alipoanza kutega makundi ya porini, malkia waliofuata walitoa majana yaliyojaa.

2. Kwa nyuki, kuzaliana ndugu kwa ndugu hugusa jinsia yenyewe. Yai lisilorutubishwa huwa dume, lililorutubishwa huwa jike. Ila ili awe jike, anahitaji aina mbili tofauti za jeni moja, ya mama na ya baba. Zikifanana, anatoka dume asiye na faida, na vibarua humla akiwa funza mchanga, saa chache tu baada ya kuanguliwa. Malkia akipandwa na kaka yake mwenye jeni sawa na mojawapo ya zake, nusu ya mayai yanayorutubishwa kwa mbegu za kaka huyo huishia hivyo. Ndiyo yale mapengo. Malkia anataga kama kawaida, lakini kundi halipati vibarua wa kutosha kwenda mauani.

3. Malkia ana kinga yake. Huruka mbali na mzinga, akapandwa angani na madume 10 hadi 20. Mmoja akiwa kaka, mbegu za wengine hufidia. Lakini hao wengine lazima watoke mahali. Palipofyekwa miombo kwa ajili ya mkaa na kukaushia tumbaku, makundi ya porini hupungua, na angani hubaki madume wa mfugaji mmoja.

4. Si kila mdudu huumia kwa kupandana ndugu kwa ndugu. Nyigu wadogo wa tunda la mkuyu, ambao madume yao hayana mabawa, mara nyingi hupandana na dada zao humo humo ndani, na ukoo unaendelea. Dume ana seti moja tu ya jeni, hivyo kasoro haina pa kujificha, hufa naye.

5. Damu ya mbali nayo ina gharama. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitafuta nyuki wanaomudu joto kuliko wa Ulaya. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro. Walizaana na nyuki wa Ulaya waliokuwako, na kufikia 1990 walikuwa wameingia Texas. Asali ilikuja kuongezeka, lakini ukali nao ulienea, watu na mifugo wakafa. Kwa hiyo simuungi mkono anayeagiza malkia wa nchi za mbali ili kutibu manzuki yake. Ukitaka damu mpya, paka nta mizinga mitupu, itundike kwenye miombo ya jirani kabla makundi hayajaanza kuhama, na acha kugawa kundi lile lile kila mwaka.