Simu ya duka ina siku zake: ipangie kabla haijazima

Tuseme una duka la nafaka pale Nakuru. Ni Jumamosi jioni, mteja anasema ameshalipia magunia mawili ya maharagwe na kijana wa mkokoteni anangoja kupakia. Unachukua simu uone kama pesa imeingia, kumbe imezima. Dakika tano zilizopita ilikuwa na chaji asilimia 40! Mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, nawe huna chochote cha kulinganisha nao.

Kwa sasa, usitoe mzigo kwa sababu ya ujumbe ulio kwenye simu ya mtu mwingine. Toa laini yako, iweke kwenye simu nyingine yoyote, hata mulika mwizi, kisha uangalie salio. Ndiyo maana tunawaambia wenye biashara wawe na simu moja ndogo ya akiba, iliyochajiwa, ndani ya droo.

Lakini simu ile haikuharibika jioni hiyo. Chaji inayoruka kutoka 40 hadi sifuri ni dalili ya betri iliyochoka. Betri za lithiamu huchakaa kadiri zinavyochajiwa, na joto huziharakisha. Kama kibanda chako ni cha mabati na simu inachajiwa kwenye kaunta penye jua, unaifupishia maisha kila mchana. Mfuniko wa nyuma ukianza kuinuka, betri imevimba. Acha kuitumia, usiitoboe, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Mpelekee fundi anayeaminika au kituo kinachopokea taka za elektroniki.

Simu pia huzeeka kwa njia usiyoiona. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uangalie tarehe ya mwisho ya sasisho la usalama. Kama imepita zaidi ya mwaka na hakuna jipya linalokuja, mtengenezaji huenda ameshaiacha. Itapiga na kupokea kama kawaida, ila mianya mipya ya wezi haizibwi. Na angalia hapa: miaka ya masasisho kwa kawaida huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe. Ile ex-UK ya bei nzuri inaweza kuwa imebakisha miezi michache tu. Muulize muuzaji modeli ilitoka mwaka gani kabla hujauliza kamera. Kompyuta nazo ni vivyo hivyo: Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba ni za zamani mno kupokea Windows 11.

Sasa pesa. Simu ya Sh12,000 ukiipangia miaka 3 ni Sh4,000 kwa mwaka, karibu Sh11 kwa siku. Hiyo ni gharama ya biashara kama kodi ya duka, kwa hivyo itenge kila siku, kando na faida. Mwenye kuweka Sh15 kwa siku atakuwa na Sh16,425 baada ya miaka hiyo 3, yaani simu mpya na kioo kimoja kilichovunjika njiani. Siku ya kununua, piga *#06#, andika IMEI kwenye risiti, uiweke nyumbani. Ikiibwa, utaihitaji unapoandikisha ripoti polisi.

Siku ya kubadilisha simu uichague wewe. Isiwe mwisho wa mwezi, isiwe Desemba. Jumanne asubuhi katikati ya mwezi ni sawa. Kabla ya kuhama, pakua taarifa za malipo na uzihifadhi kwenye barua pepe, maana sheria ya ushuru inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka 5 na hakuna simu ya kuahidi muda huo. Usitegemee SMS. Nakili majina ya wateja na wale wanaodaiwa (tunajua wengine mnaandika madeni kwenye WhatsApp).

Simu ya zamani usiiuze siku hiyo hiyo. Kaa nayo wiki 2, uone kama kuna kitu ulichosahau. Kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google, ndipo uifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, mnunuzi anaweza kuikuta imejifunga na atakurudia amekasirika. Ukiiuza bila kuifuta, umemuuzia na picha za kitambulisho chako.

Na fundi je? Kioo hakihitaji laini yako. Itoe kabla hujaacha simu, na nambari ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote, hata akisema ni ya kujaribu tu. Utaratibu ni huo huo msaidizi wa duka anapoacha kazi: siku ile ile, badilisha nambari za siri alizozijua na uondoe nambari yake kwenye orodha ya wanaopokea ujumbe wa malipo. Mmeagana vizuri? Hata hivyo, iondoe.