Kishikwambi Darasani na Sauti ya Mwanafunzi: Tafakuri ya Ufundishaji wa Kiswahili Kilifi

Makala haya yanajikita katika swali moja ambalo mwalimu wa Kiswahili katika Kaunti ya Kilifi hana budi kujiuliza kila anapoletewa kifaa kipya cha kufundishia: je, kifaa hiki kinampa mwanafunzi nafasi gani ya kusema na kuandika?

Ikumbukwe kwamba vifaa vya kufundishia si vigeni katika pwani hii. Katika vyuo vya Kurani, mwanafunzi wa zamani alikuwa na ubao wake. Aliandika aya kwa kalamu na wino, akaihifadhi, akaosha ubao, akaandika nyingine. Huko Rabai nako, Krapf na Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846, na herufi za Kirumi zikaingia. Ubao ule ulikuwa duni, lakini mkono ulioandika ulikuwa wa mtoto.

Vishikwambi viliingia katika shule za msingi za umma kuanzia mwaka 2016, kutokana na ahadi ya kampeni ya mwaka 2013. Pamoja navyo zilikuja tarakilishi za walimu na projekta. (Kama ziitwe tarakilishi au kompyuta ni mjadala mtamu kwa wanachama wa vyama vya Kiswahili, mtoto wa Gredi ya Kwanza hana haja nao.) Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, ujuzi wa kidijitali ulihesabiwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Mtoto alisikia, ila yeye hakusikika.

Hapo ndipo penye tatizo. Somo lililotiwa ndani ya kishikwambi ni lile lile kwa mtoto wa Magarini na wa Turkana. Hali zao kilugha, hata hivyo, ni tofauti kabisa. Mtoto wa Magarini huja shuleni na Kigiriama, ambacho pamoja na Kiswahili, Kipokomo na Kikomoro kimo katika kundi la lugha za Sabaki. Nyumbani husema madzi, mudzi na dzulu. Shuleni hukuta maji, mji na juu. Mwalimu asiyetafakari huweka alama ya kosa. Anayetafakari huona kanuni: penye /dz/ ya Kigiriama, aghalabu Kiswahili kina /j/. Neno dzulu linafunza zaidi, kwani linaonyesha pia /l/ iliyodondoka baina ya irabu katika Kiswahili. Mtoto akionyeshwa hivyo, anatambua kwamba lugha ya bibi yake ni jirani wa lugha ya kitabu. Asipoonyeshwa, huchagua kunyamaza, na mwalimu humwita mzito.

Somo la namna hii haliwezi kutungwa Nairobi kwa ajili ya nchi nzima. Hata hivyo, si sababu ya kukitupa kifaa. Kishikwambi kina kinasa sauti, nacho hakihitaji intaneti. Chaji ikiwepo, kinatosha. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na vifaa vichache, makundi yanaweza kupokezana: mmoja asimulie ngano aliyosikia nyumbani, wenzake wasikilize tena na kuandika kwa Kiswahili Sanifu, kisha wajadili maneno yaliyobadilika. Hapo fasihi simulizi, sarufi na imla hufundishwa kwa pamoja. Yamkini mwalimu atalalamika kwamba zoezi hili hula vipindi viwili, na lalamiko hilo ni la haki. Ratiba haikumwachia nafasi.

Zoezi la kuanzia ni jepesi. Kila mwanafunzi aulize nyumbani maneno matano ya Kigiriama yenye /dz/, ayanase akitamkiwa na mzee aliyeridhia, au ayaandike daftarini ikiwa kifaa hakiruhusiwi kutoka shuleni. Siku ya pili orodha zilinganishwe ubaoni, na yale yasiyofuata kanuni yawekwe kando, kwa sababu ndiyo yatakayozua maswali mengi zaidi.