Kodi ya Mjerumani, deni la nani?

*Shikamoo Mjomba. Nimetengeneza gemu ya bao ya kuchezea kwenye kompyuta. Naiuza Steam, na pia kwenye tovuti yangu kwa yuro 10. Juzi mnunuzi wa Ujerumani kanitaka risiti yenye VAT. Mimi niko Likoni, Ulaya sijaikanyaga. Kodi yao yanihusu nini? – Mchezaji Bao, Mombasa*

Marahaba, mpwa wangu. Pole, yakuhusu. Kwa bidhaa za kidijitali, Umoja wa Ulaya huangalia mnunuzi alipo, si muuzaji alipoketi. Kwa sisi tulio nje imekuwa hivyo tangu 2003, na hakuna kiwango cha chini kinachotusamehe. Ujerumani VAT ni asilimia 19, kwa hiyo katika zile yuro 10, kama yuro 1.60 si zako. Angekuwa Hungary, ambako ni asilimia 27, zingekutoka zaidi ya yuro 2.

Kabla ya yote, usimwandikie risiti ya VAT. Hujasajiliwa, na namba ya kubuni itakuletea balaa kubwa kuliko kodi yenyewe. Muulize kama ananunua kwa jina la kampuni yenye namba ya VAT. Ikiwa ndivyo, hesabu hiyo huifanya mwenyewe huko kwao.

Wanunuzi wa kawaida ndio mzigo. Ukitaka kuendelea kuwauzia mwenyewe, kuna mfumo uitwao OSS: unajisajili nchi moja ya Umoja, unapeleka ritani kila miezi 3, na nchi hiyo inawagawia wenzake. Kumbukumbu za mauzo unazitunza miaka 10. Miaka 10! Mimi hata cheti cha ndoa sijui kilipo.

Ndiyo maana ningekushauri uondoe kitufe cha malipo kwenye tovuti, uweke kiungo cha kuwapeleka Steam. Huko muuzaji machoni pa mnunuzi ni Steam. VAT wanaitoza na kuilipa wao. Itch.io nao wanaweza kukubebea, lakini chagua malipo yapitie kwao kwanza. Ukichagua yaje kwako moja kwa moja, kodi inarudi mlangoni pako.

Ile asilimia 30 ambayo Steam hukata kwa mauzo ya Marekani usiichanganye na hii. Ile ni kodi ya mapato, na Kenya haina mkataba na Marekani wa kuipunguza. Na KRA bado wanangoja uwatajie ulichopata.

Zile nakala ulizokwisha kuuza Ulaya ziorodheshe leo, nchi kwa nchi, kisha umwone mhasibu. Mjerumani mjibu kwa upole; amekuuliza mapema kuliko wangekuuliza wengine.