Kitendawili cha Zamani, Jibu Jipya

Jioni moja tulikaa Kunduchi Pwani, karibu na ngalawa zilizovutwa mchangani. Mtoto mmoja akamwambia bibi yake:

– Bibi, kitendawili!

– Tega.

– Nyumba yangu haina mlango.

– Ah, hicho nakijua tangu zamani. Yai!

– Siyo, bibi. Ni nyumba ya baba. Fundi kala pesa ya mlango.

Tulicheka mpaka wavuvi wakageuka. Lakini mzee mmoja alikasirika. Alisema watoto wa siku hizi wanaharibu vitendawili.

Je, mtoto kaharibu? Sisi tunaona hapana. Tazameni alivyofanya. Maneno ya kutega hakuyagusa. Aligeuza jibu tu. Bibi alingoja yai, akaletewa fundi. Kicheko kinatoka hapo.

Chukueni kingine: "Kila niendapo ananifuata." Jibu la wazee ni kivuli. Mwenye deni atajibu: "Mwenye duka!" Na "Kamba yangu ndefu, lakini haifungi kuni" ni njia. Sisi tunaopanda daladala za barabara ya Bagamoyo tunasema ni foleni ya Mwenge. Hapo hatukwenda mbali sana na njia, lakini abiria hucheka.

Visa vya kuchekesha navyo hugeuzwa. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha na ndogo ndani yake, akasema imezaa. Mwenyewe akazipokea zote mbili. Alipoazima tena, alisema imekufa! Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Waturuki kisa hicho hicho wanakigeuza jina, wanasema ni cha Nasreddin Hodja.

Turudi pwani. Hasira ya yule mzee haikuwa ya bure. Tulipomaliza kucheka, mtoto mwingine aliuliza: "Kwani yai limeingiaje?" Hakuwahi kukisikia kitendawili kile. Kwake ilikuwa habari ya fundi mwizi tu. Bibi akamweleza: yai ni nyumba ya kifaranga, nayo haina mlango. Ndipo akacheka, peke yake, wenzake wamekwisha nyamaza.

ZOEZI

Mwombeni mzee mmoja awategee vitendawili vitatu. Viandikeni daftarini, pamoja na majibu ya zamani. Kisha geuzeni jibu la kimoja, mkamtegee mzee huyo huyo.